Lenzi Yenye Mchubuko

Kila alasiri, akishatoka shule, binti alikuwa na kazi mbili: kufua soksi zake na kufuta kamera ya mama yake kwa kitambaa laini. Mama alikuwa mpiga picha wa mechi za mpira. Alirudi nyumbani na tope magotini, akala huku amefumba macho kwa uchovu.

Wiki hiyo uchovu ulizidi. Lenzi yake ya kuvuta vitu vya mbali ilikuwa imekwama, haiendi mbele wala nyuma, na fainali ilikuwa keshokutwa. Mzee mwenye duka la kamera, aliyeitwa Miwani Miwili kwa sababu moja ilikaa puani na nyingine kichwani, alimwazima lenzi mbili zilizotumika. Zilifanana kama mapacha, ila moja ilikuwa na mchubuko ubavuni.

"Zijaribu leo, dada, kesho uchague moja," alisema. "Ukishanunua hairudi."

Nyumbani, mama alifungua stendi ya miguu mitatu barazani.

"Kamera ikae hapa isitikisike," alimwambia binti. "Piga lile bango la duka la dawa, picha kumi kwa kila lenzi. Mimi nijinyooshe kidogo, mwanangu. Macho hayafunguki."

Lenzi ya kwanza binti aliipima vizuri kabisa. Kisha lori likaja kusimama mbele ya bango. Alingoja weee, jua likimchoma, mwishowe akakunja stendi na kuirudisha ndani. Lori lilipoondoka, kuifungua tena kulimshinda. Mabega yalimuuma, na kazi ya hesabu ilikuwa bado. Zinafanana hizi, alijisemea, tofauti itoke wapi? Akaishika kamera mkononi, akapiga zile kumi za lenzi yenye mchubuko chapuchapu, bora liende.

Jioni mama alizifungua picha kwenye kompyuta. Herufi za bango zilisomeka kwa lenzi ya kwanza. Kwa ile ya pili zilikuwa zimetikisika.

"Hii yenye mchubuko haina kitu," mama alisema. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe ningefanyaje?"

Shukrani zile zilimchoma binti.

Kesho yake walirudi dukani, binti akiwa amebeba kamera na stendi. Mama alipochagua, Miwani Miwili alikuwa keshaitia lenzi ya kwanza kwenye boksi. Binti alimshika mama mkono.

"Mama, ngoja. Ile ya pili sikuiweka kwenye stendi. Niliishika mkononi. Nilichoka, nikalipua kazi."

Mama aliketi kwenye benchi. Binti aliona aibu, akatazama viatu vyake.

"Mzee, tunaomba tupime tena," mama alisema hatimaye, kwa sauti iliyokwisha nguvu.

Safari hii binti alifungua stendi mwenyewe mlangoni pa duka. Alipiga bango la kinyozi lililokuwa mbali, picha kumi kwa kumi, bila haraka. Mama alizikuza moja moja kwenye kioo cha kamera. Lenzi ya kwanza ilikuwa safi katikati, lakini pembeni herufi zilififia. Yenye mchubuko ilitoa herufi zote, mpaka ukingoni.

"Kumbe ni ganda tu lililochubuka," alisema Miwani Miwili, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake.

Waliondoka na ile yenye mchubuko. Mama alibeba lenzi, binti akabeba stendi.

"Umenikasirikia, mama?"

"Jana ningejua, ningekasirika. Leo nashukuru umesema." Mama alitembea hatua kadhaa. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Mimi nachoka kila siku. Ukichoka, niamshe, useme kazi imefika nusu, nitaimalizia. Lakini ukinipa nusu na kuniambia ni nzima, nitaamini tu, kwa sababu ni wewe uliyesema."

Binti aliitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye kona, alisimama.

"Mama, nimechoka. Stendi ni nzito, na njia bado nusu."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alishika upande mmoja wa stendi, wakaenda nayo pamoja hadi nyumbani.