Mjane Alikula Nini?

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kumkatia mbuzi majani, Evelina alipanda njia nyembamba iliyopita nyuma ya nyumba yao hadi kwa Bibi Klara. Hawakuwa ndugu. Bibi Klara alikuwa jirani, mjane aliyeishi peke yake karibu na msitu, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata hakuweza tena kusoma. Evelina alimfagilia uwanja, akampangia kuni jikoni, kisha akaketi kwenye kigoda na kumsomea Biblia. Alikuwa darasa la sita, na katika kijiji chote cha Kwemsuri, huku milimani juu ya mji mdogo wa Soni, hapakuwa na mtoto aliyesoma kwa sauti nzuri kama yake. Mwenyewe alilijua hilo, ingawa hakulisema.

Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi alifika akiwa na haraka. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo unanisomea nini?"

"Leo sisomi, Bibi. Nasema kwa moyo, kama nitakavyosema kesho mbele ya watu wote."

Akasimama katikati ya chumba na kuisema habari aliyopewa na mwalimu wake wa shule ya Jumapili kutoka Injili ya Marko: jinsi Yesu alivyoketi hekaluni akiwatazama watu wakitia sadaka sandukuni, jinsi matajiri walivyotia vingi, na jinsi mjane mmoja maskini alivyotia visarafu viwili, akawa ametoa kuliko wote, kwa kuwa alitoa vyote alivyokuwa navyo. Alipofika kwenye maneno ya Yesu alitabasamu, kama alivyofundishwa.

Bibi Klara akapiga makofi taratibu. "Hongea, mwanangu," akamshukuru kwa Kishambaa. "Sauti yako kama kengele. Mimi kesho nitaleta kifungu cha mnavu. Shamba langu mwaka huu halikunipa kitu."

Tabasamu la Evelina likapotea. Kanisani kila jumuiya ilikuwa na meza yake ya mavuno, na mwaka uliopita meza ya kwao, Jumuiya ya Msituni, ilikuwa karibu tupu. Alen, mtoto wa Jumuiya ya Barabarani, alipita mbele yake akasema kwa sauti, "Jamani, hii ni sadaka au ni mboga za sungura?" Watoto wote wakacheka. Wiki nzima shuleni Evelina aliitwa Mama Sungura.

Macho yake yakaenda kwenye kona ya chumba. Pale, juu ya majani makavu, vilitandazwa viazi vidogo vya ukubwa wa yai la kuku, kila kimoja kimetoa vichipukizi vinene vya rangi ya zambarau.

"Lakini Bibi, si una vile viazi?"

"Vile ni mbegu. Nangoja mvua."

Evelina alijua kwamba ni mbegu. Alikuwa amezaliwa kwenye viazi, asingeweza kukosea. Hata hivyo alisema, kwa sauti ileile ya kengele, "Hata yule mjane angeweza kubakiza kisarafu kimoja, Bibi. Hakubakiza. Ndiyo maana Yesu alimsifu."

Bibi Klara alinyoosha mkono akapapasa kiazi kimoja, akakigeuza, akakirudisha mahali pake.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Imeandikwa hivyo."

Siku ya sikukuu Evelina alisema habari yake bila kukosea neno. Kina mama walipiga vigelegele. Meza ya Jumuiya ya Msituni ilijaa kabichi, karoti na mapeasi, na mbele kabisa ilikuwepo ndoo ya Bibi Klara imejaa viazi. Baada ya ibada vitu vyote vilipigwa mnada nje ya kanisa, kama ilivyo desturi. Mwinjilisti Timotheo, aliyekuwa kiongozi wa mtaa ule wa kanisa, akiwa bado amevaa kanzu yake nyeupe, aliinua ndoo ile juu.

"Ya mjane wetu hii! Mmelisikia Neno? Nani anaongeza?"

Aliyeshinda alikuwa Ismaili, muuza chipsi wa Soni, ambaye watu walimwita Baba Zainabu kwa jina la binti yake. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini mnada wa kanisa la Kwemsuri hakuukosa mwaka wowote. Aliibeba ndoo begani akashuka nayo.

"Mmetushinda," Alen alikiri, akipiga kokoto teke.

Evelina alimtafuta Bibi Klara katikati ya watu ili amwone akifurahi. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, mikono yake mitupu imelala mapajani.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha katikati ya wiki. Asubuhi milima yote ilitoa moshi, na kila shamba lilikuwa na watu wameinama. Jioni, alipotoka shule, Evelina alipita kwa Bibi Klara. Alimkuta amesimama kando ya shamba lake dogo. Matuta yalikuwa yamepigwa vizuri, udongo umelowa. Hakukuwa na kitu cha kutia ndani yake.

Evelina akahisi uso wake unawaka. Alitaka kurudi nyuma polepole, lakini Bibi alikwishasikia hatua zake.

"Ni wewe, mwanangu? Njoo nikuulize. Usiku nimemfikiria sana yule mjane wako. Alipotoka hekaluni alikwenda nyumbani. Sasa, alikula nini?"

Bibi hakuwa anamsuta. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

"Sijui, Bibi," Evelina alinong'ona. "Nitaangalia."

Alikimbia nyumbani. Alifungua Injili ya Marko akasoma mbele ya habari ile. Yesu anatoka hekaluni, wanafunzi wanamwonyesha mawe makubwa ya jengo. Mjane hayupo tena. Akasoma mpaka mwisho wa sura iliyofuata. Hakuna aliyemtaja tena. Mama yake alipomwita kula, Evelina aliutazama wali wake na maharage, hakuugusa.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana, mama. Naomba niende kwa Mwinjilisti mara moja."

Mwinjilisti Timotheo alikuwa bandani akimlisha ng'ombe majani ya migomba. Evelina alimwamkia, kisha akasimama akiwa ameikumbatia Biblia, asijue pa kuanzia.

"Nimetafuta alichokula yule mjane wa visarafu viwili," alisema. "Sikukiona."

Mwinjilisti alicheka. "Na nani kakupa mtihani huo?"

"Bibi Klara." Hapo machozi yakamshuka. "Vile viazi vya kwenye ndoo vilikuwa mbegu. Mimi ndiye niliyemwambia atoe. Nilimwambia yule mjane hakubakiza."

Mwinjilisti aliacha kucheka. Aliweka majani chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi juu ya gogo. "Fungua kitabu. Sehemu yako inaanzia wapi?"

"Pale Yesu anapoketi kuelekea sanduku."

"Sisi ndio tuliokukatia pale. Marko hakukata. Rudi juu kidogo, unisomee."

Evelina alisoma. Muda mfupi kabla ya kuketi, Yesu alikuwa akiwaonya watu juu ya walimu wa dini waliopenda kutembea na mavazi marefu, kuamkiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane. Alipofika hapo sauti yake ilikatika.

"Sasa fumba macho," Mwinjilisti alisema. "Uko hekaluni. Yesu amemaliza tu kusema maneno hayo, akaketi. Nani anaingia?"

"Mjane."

"Muone. Amevaa nini? Anatembeaje?"

Evelina alimwona. Alikuwa na kanga iliyopauka na miguu yenye vumbi, na alipapasa ukuta ili asijikwae. Alikuwa na mikono ya Bibi Klara.

"Na uso wa Yesu ukoje?"

"Mimi kanisani nilitabasamu," Evelina alisema polepole. "Lakini sasa namwona kama anataka kulia."

"Marko hakutuandikia alikuwa na uso gani, kwa hiyo tusiape," Mwinjilisti alisema. "Moyo wa yule mama ulikuwa mkubwa, na Yesu aliuona. Hilo halifutiki. Lakini soma tena uniambie: je, aliwatuma wanafunzi wakawaambie wajane wengine nao watoe?"

Evelina alisoma, akatikisa kichwa. "Aliwaita wamtazame."

"Eh. Wamtazame." Ng'ombe alivuta jani chini ya mguu wa Mwinjilisti, naye hakumzuia. "Mwanangu, Jumapili mimi nilivaa kanzu ndefu. Niliishika ile ndoo kwa mikono hii. Viazi vilikuwa na vichipukizi, nikaviona, nikaendelea kupiga kelele za mnada. Kama unaona aibu, sogea, tuione wote wawili."

Kesho yake baada ya shule walishuka Soni. Mwinjilisti alibeba mfuko wa viazi vya kula kutoka ghalani kwake. Evelina alibeba mfuko mwingine. Alikuwa amechimba tuta lake mwenyewe nyuma ya jiko, lile ambalo mama yake alimpa ili auze viazi na kununua sweta la shule. Mama yake alimsaidia kuchimba.

"Karibu, Mwinjilisti!" Ismaili aliita kutoka nyuma ya karai la mafuta. "Kanisa lenu limeniuzia wazee. Nilipoimimina ile ndoo nikakuta viazi vyote vina ndevu! Na wewe binti, si ndiye uliyesema habari ya mjane? Uliniingia moyoni, wallahi, nikaongeza bei."

Evelina alitamani ardhi immeze. Alimtazama Mwinjilisti, lakini Mwinjilisti alinyamaza. Ilimpasa aseme mwenyewe.

"Shikamoo, Baba Zainabu. Vile viazi ni mbegu ya Bibi Klara. Hana nyingine. Mimi nilimsukuma atoe. Tumekuja kukuomba tubadilishane na hivi."

Ismaili alizima jiko. "Astaghfirullah. Mbona hamkusema? Nusu nimekwisha kuvimenya." Alipokea mifuko yao, akavuta ndoo kutoka chini ya meza. "Nyie pelekeni hii haraka, mvua haimsubiri mtu. Na mwambieni mama yule sikujua."

Kazi ngumu ilibaki juu mlimani. Evelina aliiweka nusu ndoo ile miguuni pa Bibi Klara, akapiga magoti.

"Bibi, sikuja kwako kwa ajili ya Mungu siku ile. Nilitaka kumshinda Alen."

Bibi Klara alitia mkono ndani ya ndoo, akavipapasa viazi vyake.

"Kwa hiyo hukuwa unanisomea mimi," alisema. "Ulikuwa unamsomea Alen."

Maneno hayo yalimchoma Evelina kuliko fimbo. Alilia kwa sauti. Bibi alimwacha alie, kisha akamgusa bega. "Basi. Chukua jembe, kabla giza halijaingia."

Walipanda mpaka mbegu ikaisha, huku Evelina akimweleza safari ya Soni na jinsi alivyochimba tuta lake nyuma ya jiko. Nusu ya matuta yalibaki matupu.

Jumapili Evelina aliomba aseme tena habari ya mjane. Safari hii alianzia kwa walimu wenye mavazi marefu, na alipofika mwisho hakutabasamu. Kisha, huku macho yake yakiwa sakafuni, aliwaeleza watu wote alichomfanyia Bibi Klara. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwinjilisti alisimama kando yake akaeleza na la kwake.

Siku iliyofuata, jioni, Evelina alikuwa kwa Bibi Klara aliposikia watu wanapanda njia. Jumuiya zote mbili zilikuja, kila nyumba na mbegu yake, wengine ndani ya kofia, wengine kwenye upindo wa kanga. Alen alikuwa na sufuria.

"Mama Sungura," alisema, lakini hakucheka. "Nioneshe pa kupanda. Na... ya mwaka jana, unisamehe."

"Nimekusamehe. Anzia tuta lile. Vichipukizi viangalie juu!"

Tuta la mwisho lilipofukiwa, Bibi Klara alichemsha chai ya mchaichai akawagawia watoto. Evelina aliketi karibu naye.

"Haya," Bibi alisema, "uliniahidi utaangalia. Yule mjane alikula nini?"

"Haijaandikwa, Bibi. Nimesoma mbele na nyuma."

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ya Mwinjilisti. "Na wewe msomi, hujui?"

Mwinjilisti Timotheo aliweka kikombe chini, akawatazama watoto waliojaa udongo mpaka magotini.

"Sijui, Bibi. Ila ninyi watoto, shikeni hili. Maandiko msiyasome kwa kukata kipande kinachowapendeza. Someni yaliyotangulia na yanayofuata, mjue nani anasema na nani anaambiwa. Kisha mfumbe macho, muwaone watu waliomo, kwa maana walikuwa watu, waliona njaa kama sisi. Na mkiona neno mnalolisoma linamnyang'anya mtu mnyonge, simameni hapohapo, msome upya." "Marko hakuandika yule mama alikula nini. Nadhani hapo ametuachia sisi."

Bibi Klara alipapasa sufuria ya Alen. Ndani yake kilibaki kiazi kimoja cha mbegu kilichosahauliwa. Alikitia mkononi mwa Evelina.

"Hiki hakina tuta," alisema. "Nenda kakipande nyuma ya jiko lenu, pale ulipochimba."