Chiriku Aliponyamaza

Fundi seremala alikuwa na binti wa miaka mitatu. Wote walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Baba na mama yake walikuwa wameachana, na kila mmoja alitaka mtoto aishi kwake. Kesi ikafika mahakamani, na hakimu akamtuma mwanasaikolojia, mtaalamu wa tabia na malezi, awatembelee wote wawili.

Fundi aliingiwa na hofu. Alipaka ukuta rangi. Kapu la vipande vya mbao alivyochezea Chiriku akalitupa uani. Akanunua mwanasesere wa dukani, kisha akaanza kumkaririsha mtoto.

"Mgeni akija, sema: Nataka kukaa kwa baba. Haya, sema!"

Chiriku akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Alipolazimishwa tena, akaangua kilio.

Jirani, mwalimu wa chekechea, alisikia akaja.

"Kulikoni, fundi?"

"Mwalimu, nitampoteza mwanangu! Mtaalamu anakuja kesho, na huyu hasemi."

"Kwani mtaalamu anakuja kukagua rangi? Anakuja kuona mnavyoishi. Mtoto akilia, unambembeleza? Akiuliza, unamjibu? Akili ya mtoto mdogo hukua kwa kuzungumzishwa na kuchezeshwa. Na usimchagulishe kati yenu. Mzigo huo si wa umri wake."

"Nikiulizwa habari za mama yake?"

"Sema kweli. Naye pia anampenda mtoto."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Hata hivyo alikwenda uani, akaliokota kapu.

Kesho yake mwanasaikolojia aliwakuta baba na binti sakafuni, wanajenga nyumba ya vipande. Nyumba ikaanguka. Chiriku akanuna.

"Pole, mama," baba akamwambia. "Tujenge tena?"

"Tujenge! Weka hiki! Siyo hapo, baba!"

Mdomo ukafunguka. Mtaalamu alitabasamu, kisha akauliza kuhusu mama wa mtoto.

Fundi akajibu: "Akiugua, hakuna anayemtuliza kama mama yake."

Mtaalamu alikwenda na kwa mama, kisha akampa hakimu ushauri. Hakimu aliamua Chiriku akae kwa mama siku za shule ya chekechea, na kwa baba mwisho wa wiki. Tena mzazi yeyote asimseme mwenzake vibaya mbele ya mtoto. Fundi hakupata yote aliyotaka, lakini moyo wake ulitulia.

Ijumaa ya kwanza, mama alimleta mtoto. Akasita mlangoni.

"Baba Chiriku, nipe na mimi vipande. Kwangu anajengea masufuria, sina hata la kupikia!"

Fundi akacheka. Nyuma ya mlango akatoa kapu la pili, limejaa vipande vilivyopigwa msasa.

"Hivi ni vya kwako. Nilikuwa naona haya kukupa."