Mjane Aliyepigiliwa Mlango

Kilichoanza ni siki. Mwalimu Milcah alionja chai aliyopikiwa na bintiye, Fancy, akaitema. Ilinuka siki, na nyumbani kwao siki haijawahi kununuliwa.

"Fancy, umeweka nini humu?"

Msichana hakuitika. Aligeuka tu alipoguswa bega, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani. Hapo Milcah akakumbuka darasa la juzi.

Milcah alifundisha historia ya zama za kati za Ulaya kwa maneno ya walioziishi. Mwanafunzi husimama, akasoma ushahidi wa marehemu akisema "mimi". Akimaliza, mwalimu humwita kwa jina lake mwenyewe, naye huitika, "Present, mwalimu," ndipo akae. Vijana wa Kidato cha Tatu walicheka, lakini waliitika. Ndivyo Milcah mwenyewe alivyofundishwa, na hakuwahi kuuliza sababu.

Juzi akaja inspekta wa shule kutoka mjini Nakuru. Fancy, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa hilo, alisoma maneno ya mjane wa wakati wa tauni, aliyenyunyiza siki kufukuza ugonjwa, akafungiwa nyumbani na maiti za wanawe, mlango ukapigiliwa misumari kwa nje. Inspekta akapiga makofi, na Milcah akakimbilia kupewa mkono. Sifa, jamani! Kwa ajili ya sifa akamwacha mtoto wake amesimama pale, hajaitwa.

Pasta Makhanu wa kanisa lao, aliyeitwa na Milcah, alikuja adhuhuri, akamwekea Fancy mkono kichwani, akakemea mpaka shati likalowa jasho, na kadiri alivyokemea ndivyo siki ilivyozidi kuwachoma pua, na ndani ya ukuta, mahali pasipo na mlango, kucha zikaanza kukwaruza mbao.

"Toka!"

"Nitoke niende wapi, baba?" ilijibu sauti ya mwanamke mzima kinywani mwa Fancy. "Kwangu sasa kuna mtu."

Milcah akapiga magoti. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kule ndani. Anagonga."

"Fancy Odongo!" Milcah akaita. "Fancy Odongo!"

Kucha zikakwaruza mbio mbio. Hakuna aliyeitika. Pasta akachukua Biblia yake, akatoka bila kuaga.

Tangu hapo Milcah huita kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na sauti imemkauka. Kugonga kunapungua. Yule aliye mezani humimina chai, humtazama kwa huruma ya kweli.

"Hata mimi waliniita hivyo hivyo kutoka nje ya mlango, mama," humwambia. "Kisha wakachoka."