Sura ya Mama kwenye Fulana

Mama ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza nyumbani. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akamtania baba kwa kukoroma kwake. Kisha alikwenda kupika shuleni. Wiki hii jiko liliwashwa na binti yake mkubwa. Mama alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa keshokutwa.

Familia ilitaka kuvaa fulana zenye sura yake. Lakini mama hakupenda kupigwa picha. "Mtaivunja kamera ya watu bure!" alikuwa akisema. Picha ya karibuni waliyokuwa nayo ni moja, ya harusi ya mpwa wake. Mama alisimama mstari wa nyuma. Ndugu walikuwa wametumiana picha hiyo kwa simu, huyu kwa yule, mpaka ikawa ukungu mtupu.

Binti aliikata sura ya mama peke yake, akaikuza. Ikawa mbaya zaidi. Akaitia kwenye programu ya simu ya kusafisha picha. Kufumba na kufumbua, ikang'aa. Akampelekea jirani yao, dada anayechapa fulana, atengeneze moja ya mfano.

Baba alikuja kuiona. Aliishika, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, baba."

"Mama yako ana kovu juu ya jicho. Hapa halipo. Mwanangu, namzika mke wangu. Siwezi kuvaa mtu nisiyemjua."

Binti aliangua kilio. Mchapaji aliwavutia viti.

"Usijilaumu, mdogo wangu. Picha ya simu ni vitone vingi vya rangi. Ukiituma kwa njia ya kawaida, simu huipunguza ili ifike upesi. Kila safari vitone vinapotea. Na hii imesafiri kuliko mimi!"

Baba alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Lakini programu si iliongeza vitone?" binti aliuliza.

"Iliongeza kwa kubahatisha. Haimjui mama yako. Ilipokosa kitu, ilijaza cha kwake. Tutafute picha ya asili. Nani aliipiga?"

"Mama mdogo."

"Mpigie. Asiikate, asiikuze, wala asipige picha kioo cha simu. Aitume kama faili, ije nzima."

Kwa bahati, mama mdogo hakuwa ameifuta. Mchapaji aliifungua kwenye kompyuta, na kovu likaonekana wazi.

"Hata hii ina kikomo," alisema. "Mama yuko mbali, sura yake ni ndogo. Tukijaza kifua kizima, ukungu utarudi. Tuichape iwe sawa na kiganja."

Aliongeza mwanga kidogo tu. Kisha akasita.

"Mzee, macho yake hayatazami kamera. Yanatazama kando."

Baba aliinama karibu na kioo. Alifuata macho ya mkewe kwa kidole. Yalikuwa yanamtazama mtu wa mstari wa mbele, tai imepinda, anacheka. Mtu huyo alikuwa yeye.

"Alikuwa ananitazama mimi," alisema. "Na mimi sikujua."

"Niyageuze yatazame mbele?"

"Usiyaguse."

Mchapaji aliichapa sura kwenye karatasi maalumu. Kwanza aliihamishia kwenye kipande cha kitambaa kwa mashine ya joto, ili asiharibu fulana. Baba alipoona, alisema neno moja tu: "Ndiye."

Siku ya mazishi ndugu wote walizivaa. Ilikuwa siku nzito, na walilia sana, lakini waliyemlilia alikuwa mama mwenyewe, si mtu wasiyemjua.

Baadaye binti alimwomba mama mdogo picha zote za asili za harusi ile. Alikaa na baba, wakazifungua moja moja. Katika kila picha, baba alitafuta kwanza mama alikuwa anatazama wapi.