Gari Lililolalia Kushoto

Kriii. Sauti ndogo, kama ya kitanda mtu mzima akikikalia taratibu ili asimwamshe mwenzake.

Kasiva alifungua macho gizani. Alinyoosha mkono, akampata Kavindu, bintiye wa miaka minne, amejikunja kando ya ukuta, anapumua polepole. Hakuna aliyekalia kitanda. Sauti ilitoka uani, kwenye gereji yake, ambako lilikuwa limebaki gari moja tu. Kasiva alikuwa fundi na mtoto wa fundi. Sauti hiyo aliijua. Ni springi iliyopokea mzigo. Mtu ameingia garini.

Alitoka na tochi ya simu. Lango lilikuwa na kufuli. Milango ya gari ilikuwa imefungwa, viti vitupu. Lakini nyuma kushoto gari lilikuwa limeshuka, na kioo cha upande huo, hicho kimoja tu, kilikuwa na ukungu kwa ndani.

Gari lenyewe lilifika jana yake, siku ya soko, mji mdogo wa Kwa Vonza ukiwa umefurika mbuzi, mitumba na wanafunzi wa chuo. Mwenyewe alishuka na shati la samawati na viatu vyeupe visivyojua vumbi la Kitui, akaanza kutafuta fundi huku na huku.

"Samahani mrembo, fundi yuko wapi?"

"Umempita mara mbili."

Mwanamume akamtazama tena: ovaroli ya kijani iliyokunjwa mikono, kitambaa cha maua kichwani, hereni ndogo, grisi shavuni. "Ni wewe?"

"Ulitaka mwenye ndevu?"

Alicheka mpaka muuza nyanya naye akacheka. Akajitambulisha: Mulinge, wa Kambu kule Makueni. "Hii gari yangu ni ya harusi. Nabeba mabibi harusi. Niliishusha kidogo iwe na sura, sasa imelala upande. Wa juzi aliniuliza kama tuna pancha."

Kasiva aliliingiza gari kwenye saruji iliyo sawa, akachukua tepu, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Magurudumu matatu yalikuwa sawa. Nyuma kushoto ilipungua sentimita nne.

"Kuna watakaokuwekea spesa ya mpira kuinua upande huo," alisema. "Kataa. Ni kama kuvaa kisigino mguu mmoja. Kuna seti za springi fupi, lakini hizo ukishaweka umeweka. Mimi nakushauri shoki za kurekebisha. Kila gurudumu lina ringi yake. Unazungusha, unapandisha, unashusha, mpaka gari inakaa sawa."

"Na moyo je, una ringi?"

"Moyo peleka kanisani. Hapa acha ufunguo. Na nijibu kitu kimoja, kwa sababu gari hupimwa na watu wake ndani: nyuma kushoto hukaa nani?"

"Hakuna mtu," Mulinge alijibu haraka, akageuka kuangalia mbuzi wa watu.

Asubuhi baada ya usiku ule Kasiva hakumwambia Mulinge lolote juu ya sauti. Alifungua springi za zamani. Tatu zilikuwa zimekatwa mzunguko mmoja, ya nyuma kushoto miwili.

"Aii! Nani alikufanyia hivi? Alitaka kukuua?"

"Fundi fulani tu. Sikumbuki."

Alifunga shoki mpya, akachora alama ya rangi nyeupe kwenye kila ringi, gari likasimama sawa pande zote. Mulinge aliondoka na gari zuri na namba ya simu.

Kutoka hapo simu hazikukoma.

"Umelala, Mama Kavindu?"

"Nikilala, huyu anayeongea ni nani?"

"Sauti yako inafanana na maji ya mtungi, unajua?"

"Wewe umekunywa soda moto. Lala, mwendwa."

Neno hilo la Kikamba, la kumwita mpenzi, lilimtoka Kasiva bila ruhusa, na Mulinge akamwomba alirudie kabla ya kukata simu.

Lakini kila alipokuja kumwona, gari lilikuja limelalia kushoto. Kasiva alipima, akatazama ringi. Alama nyeupe haikuwa imesogea hata unywele. Springi ilikuwa mpya. Chuma hakikuwa na kosa. Alipandisha kidogo, na baada ya wiki mbili gari likarudi limeshuka tena, kipimo kilekile. Alianza kuliegesha kando kila linapoingia uani, mbali na dirisha la mtoto, na hakumwambia mtu kwa nini.

"Jumamosi nataka mama akuone," Mulinge alisema mwezi wa tatu wa kujuana kwao. "Wewe na Kavindu."

Jumamosi ilipofika Kasiva alivaa gauni la kitenge cha manjano. Kavindu alikuwa na utepe kwenye kila kisuko. Mulinge akamfungulia mtoto mlango wa nyuma kushoto, akainama kama dereva wa mkubwa. Kavindu alitazama ndani. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akajificha kwenye gauni la mamake. Hakulia, na hiyo ndiyo iliyomtia Kasiva baridi.

Aliinama kuona. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Alipogusa kiti kilikuwa kimebonyea, nacho kina joto, ilhali gari lilikuwa limesimama kivulini tangu saa mbili. Chini ya kiti vidole vyake vikapata viatu vya kike, vyeupe, vya satini. Soli zake hazijawahi kukanyaga chini.

"Vya nani?"

Mulinge alinyoosha mkono avichukue.

"Mulinge, nimekuuliza."

"Tafadhali virudishe hapo."

"Babake huyu mtoto alikuwa na mwingine, na mimi nikajua mwisho," Kasiva alisema polepole. "Kwa hivyo sikia. Mtoto wangu haketi mahali pa mtu. Nenda."

Akaenda. Siku tisa simu haikulia.

Siku ya kumi Kasiva alikuwa akipanga vyuma vikuukuu akaishika ile springi iliyokatwa miwili. Sasa ndiyo aliitazama vizuri. Fundi wa haraka hukata kwa gurainda na kuacha. Hii ilipigwa msasa mpaka ikawa laini, ikavalishwa kipande cha paipu ili isipige kelele. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na haraka. Alikuwa akimfikiria mtu.

Akapiga simu.

"Hii springi uliikata mwenyewe. Ulimkatia nani?"

Sauti ya Mulinge ilikuja ndogo: "Syombua. Tulikuwa tuoane. Ugonjwa ulimshika miguu, akashindwa kupanda gari, na kubebwa alikuwa anaona aibu. Nikashusha upande wake, aingie mwenyewe kama bibi harusi yeyote. Aliingia mara nne. Ya tano ingekuwa harusi." Alivuta pumzi. "Miaka mitatu sasa tangu tumzike, Kasiva. Naisikia gari ikishuka kila alfajiri. Niliogopa nikikwambia utanikimbia."

"Nilikukimbia kwa kutoniambia," Kasiva alisema. "Mimi niliweka hiyo shoki kama kiti hakina mtu, kwa sababu ulisema hakuna. Kuja Jumapili baada ya kanisa."

Alikuja saa nane, jua likiwa kali, viatu vyake vyeupe safari hii vimejaa vumbi. "Vile vya Syombua nimevipeleka kwa mamake, kule Matiliku," alisema. "Akaniambia alikuwa akinisubiri nivilete."

Kasiva alimwelekeza kwenye saruji. "Gari hupimwa na watu wake ndani. Mwambie ukweli huyo wako, kisha nipime."

Mulinge alipiga magoti kando ya mlango wa nyuma kushoto. Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, na Kasiva alitazama pembeni kwa heshima, lakini alisikia jina lake likitajwa, na jina la Kavindu. Kisha akasikia mwanamume akilia kama mtu anayetua mzigo aliozoea.

Akainama na tepu. Kabla hajagusa ringi yoyote, ukingo wa bodi ulipanda mbele ya macho yake, bila sauti, kama kifua kinachopumua. Alipima mara tatu. Pande zote nne sawa. Alipogusa kiti, kilikuwa baridi.

Mikono yao ilikutana kwenye tepu, na hakuna aliyeachia.

"Kaa mbele na mimi, mwendwa," Mulinge alisema. "Si leo tu. Nataka kukuoa."

"Mimi nataka," Kasiva akajibu, macho yamejaa. "Lakini tuko wawili. Muulize mwenzangu."

Kavindu hakungoja kuulizwa. Aliuzunguka mkia wa gari, akauvuta mlango wa nyuma kushoto kwa mikono miwili, akachungulia ndani kwa muda. Kisha akapanda mwenyewe, akaketi, akanyoosha gauni lake.

"Sasa kuna nafasi," alisema.