Historia Iliyoloa

Ukurasa wa kwanza uliloa saa nne asubuhi, katikati ya kiangazi cha mwaka 2009, wakati kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale ilikuwa ikihangaika na madumu matupu. Nestor, katibu wa kanisa, alikuwa peke yake mezani. Aligusa daftari lake, akanusa vidole. Vilinuka tope la mto. Akatazama juu: bati kavu, hakuna hata tone. Akaufuta ukurasa kwa mkono wa shati, kisha akaendelea kusema uongo.

Maana ulikuwa uongo, tusimpambe. Kanisa lilimtuma aandike historia ya kundi lao, watu arobaini waliokimbia Kivu Kusini mwaka 1996, wakapita Tanzania na kuingia Uganda kwa kivuko cha Kikagate. Nestor aliandika kwamba wanaume saba wenye hekima ndio walioongoza safari, na wa kwanza wao ni yeye. Shujaa gani! Mwaka ule alikuwa hoi kwa kuhara, hata suruali alifungiwa. Mtumbwi ulipokwama kwenye matete ya mto Kagera, mjane mmoja alishuka majini, akamweka mgongoni Nestor, mwanaume mzima na ndevu zake, akamvusha. Mjane huyo ndiye aliyejua njia. Ndiye aliyesema na askari. Ndiye aliyeanzisha maombi chini ya turubai, maombi ambayo leo yamekuwa kanisa la matofali lenye makatibu wasio na haya. Alikufa mwaka 2003.

Jina lake lilikuwa Sidonie. Nestor hakulijua. Kwake, kama kwa wanaume wote wa kanisa, alikuwa Mama Ushindi, basi, na hata huyo Mama Ushindi hakupewa mstari mmoja.

Mkewe, Madeleine, aliyasoma yale maandishi akiwa amesimama.

"Baba Joël, Mama Ushindi iko fasi gani humu?"

"Mama Joël, hii ni historia. Bamama balipika, batu bote banajua. Chakula haiandikwe."

Madeleine alilifunga daftari akalirudisha mezani.

Kesho yake Nestor alisikia nyayo. Mchana kweupe, ndani ya nyumba yenye sakafu ya udongo mkavu, mtu alikuwa akitembea majini, chubwi, chubwi, polepole, akihema kama mbeba magunia. Nyayo zilizunguka meza, zikasimama nyuma ya kiti, na kabla hajageuka Nestor alihisi kifua chake kimebanwa kwenye mgongo wenye joto, uliolowa chepechepe, akasikia harufu ya tope na ya moshi wa kuni, akaona miguu yake mwenyewe imeachana na sakafu na kuning'inia, huku mtu asiyeonekana akimpandisha juu kidogo, kama mama anavyomweka sawa mtoto mgongoni, na kuendelea kutembea.

Mtu mwenye akili angelitafuta kosa lake. Nestor, alipohisi tena sakafu chini ya miguu, alichukua daftari akapanda gari la kwenda Mbarara kulichapisha haraka.

Binti wa duka la uchapaji, Annah, alipiga jina la mwandishi kwenye jalada mara tatu. Mara tatu karatasi ilitoka imeloa palepale penye jina, wino umekwenda na maji.

"Mzee, hii mashini yangu haina maji," Annah alisema kwa sauti ndogo, akirudi nyuma. "Na jina yako ulisema nani? Umeniambia saa hii hii, lakini imenitoka. Mzee, beba kitabu yako, enda. Mimi naogopa."

Aliporudi kambini, mwendesha boda aliyemfahamu miaka kumi alifungua mdomo kumsalimu, akakwama, mwishowe akamwita bwana ya Mama Joël. Siku ya tatu hata wazee wa kanisa walimwita "weye". Hapo ndipo alipoogopa. Zile nyayo za majini hazikumtisha sana. Alichotaka maishani ni jina lake juu ya kitabu, na sasa lilikuwa likimtoroka.

Jumamosi mchana wakampeleka kwa Mchungaji Kayumba. Kwao pepo halifukuzwi hivihivi. Lazima litajwe kwanza, kisha lifukuzwe kwa jina hilo. Lisilo na jina halitoki.

"Pepo, jina yako nani?" Kayumba alifoka.

Kinywa cha Nestor kikatoa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Muniite benyewe. Nilibazika batu benu balikufa."

"Mama Ushindi, toka!"

"Ushindi ni mutoto yangu."

"Bibi ya Kabanda, toka!"

"Kabanda ni bwana yangu. Alikufa mbele tukimbie. Miye ni nani?"

Wanaume wakatazamana, wachungaji, wazee na mashemasi, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye mikono ya koti la Nestor. Hakuna aliyejua. Miaka saba walikula mihogo ya mwanamke huyu, na hakuna aliyejua.

Nyuma ya kanisa, mmoja wa wanawake, Orpa, alisimama, na wengine wote wakasimama naye.

"Sisi tuko na jina yake. Mutaiandika ukurasa ya kwanza?"

"Mutaje kwanza, tumufukuze!" alisema Kayumba.

Orpa alimgeukia Nestor. "Weye ndiye unaandika. Utaiandika?"

Sidonie akakiachia kinywa cha Nestor ajibu mwenyewe. Na Nestor, maji yakimtoka puani, alijadiliana. "Tutaweka mwisho kabisa. 'Bamama nabo balisaidia.' Ukurasa ya kwanza batu batatucheka."

Wanawake wakatoka, mmoja mmoja, wakaenda zao.

Alasiri ile, nyumbani, maji yalikuwa yamemfika kifuani. Madeleine aliyekaa mbele yake akimenya mihogo alikuwa na miguu mikavu. Nestor sasa hakulijua hata yeye jina lake.

"Mama Joël," alinong'ona. "Niite jina yangu. Nakuomba. Niite nitoke."

"Jina yako ninayo," alisema Madeleine. "Lakini anza weye. Niite yangu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Nestor alimkodolea macho, akatafuta kichwani mwote, akarudi mpaka siku ya harusi, mpaka kwa baba mkwe, mpaka kwenye mahari, na kila mahali alimkuta Mama Joël, Mama Joël, Mama Joël.

"Mama..." alianza.

Madeleine alichukua beseni lake akatoka nje.

Na katikati ya mto ule aliomvusha zamani, Sidonie akamtua majini.