Mbuzi wa Tatu

Asubuhi ile ngazi ya meli ya watalii pale Avignon ilijaa wazee wa Kizungu wenye kofia za jua, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa adabu. Kitonga alisimama chini akigawa chupa za maji. Alikuwa amepanda meli hiyo alfajiri, kushika zamu ya mwenzake aliyeumwa na tumbo. Alinyoosha chupa nyingine bila kutazama, na mkono ulioipokea ulikuwa na kovu la pasi karibu na kidole gumba. Kovu hilo alilijua.

“Kathini.”

Kathini alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kupita kiasi. Alikuwa muuguzi wa bibi Elizabeth, mjane Mwingereza aliyeishi mtaa wa kitajiri wa Karen na ambaye miguu ilikuwa imemchoka. Alimtazama Kitonga mara moja, akasema asante kwa Kiingereza, akapita.

Miaka mitatu nyuma, huko nyumbani, Kitengela nzima ilijua wawili hawa wanapendana. Kitonga alipeleka kwao Kathini, pale Noonkopir, mbuzi watatu wa posa, wote waliozaliwa katika zizi la mama yake kule Korompoi. Mkamba yeyote atakwambia: mbuzi wakipokelewa, msichana ana mwenyewe. Mmoja akirudishwa, mambo yamekwisha, na mwanamume hafuati kuuliza. Wiki haikuisha kabla Kitonga hajamkuta mmoja langoni kwa mama yake, kipande cha kamba shingoni. Hakuuliza. Alitupa laini ya simu na kutafuta kazi ya meli, akijiona mwanamume kamili, kumbe kiburi tu.

Siku hiyo mkuu wake alimpa kazi ya kusukuma kiti cha magurudumu cha bibi Elizabeth. Kwa hiyo walipanda pamoja mpaka kwenye jumba kubwa la mapapa wa zamani, wakapita kuta za mawe na vyumba vitupu, Kathini akitembea upande wa pili wa kiti kama aliyeandamana na polisi. Mwelekezi wa wageni alieleza mengi. Kati ya wawili hao hakuna aliyesikia hata neno.

Mchana waliingia kwenye daraja la kale ambalo huishia katikati ya mto. Maji yalilibomoa, na wenyewe wakachoka kulijenga upya. Kathini alisimama ukingoni akitazama maji ya kijani yakipita chini.

“Hata Wazungu huanza kitu wakakiacha njiani,” alisema kwa Kiswahili. “Nilidhani ni wewe tu.”

“Mimi ndio niliacha?”

“Nilipiga simu yako hadi vidole vikauma. Sasa kuna mwalimu wa Kajiado anataka kunioa. Baba atapiga leo jioni nimpe jibu. Nikikubali, Jumamosi anarudisha mbuzi zako.”

Kitonga alikunja uso. “Anarudisha tena?”

“Tena lini?”

“Kathini, usinichezee. Yule mweusi, mwenye sikio limepasuka. Mlimwacha kwa lango ya mama na hamkubisha hata hodi.”

Kathini aligeuka polepole. Kwao walimtafuta mbuzi huyo siku nzima, akaeleza, mpaka baba yake akaamua ameliwa na fisi. Waliona aibu kumwambia Kitonga kwamba mbuzi wa posa amepotea kabla hajazoea zizi.

“Hakuna mtu alimleta,” alisema. “Alitafuna kamba akarudi kwao. Mbuzi hujua kwao, Kitonga. Wewe ndio hukujua kwenu.”

Kitonga alishika kiti kwa mikono miwili. Miaka mitatu ya kulala chini ya sitaha, kwa sababu ya mbuzi aliyekumbuka nyumbani. Alitaka kucheka, akashindwa.

Lakini Kathini hakuwa amemaliza. Uso wake ulikuwa mgumu, na sauti ilishuka. Kwa desturi yao, mbuzi wa kukataliwa akichinjwa, mwanamume amekubali kuachwa.

“Mlimkula?”

Kathini aliuliza, akafumba macho.

“Mama alinoa kisu,” Kitonga alisema. “Nikamwambia huyo haguswi. Kila mwezi nikipiga nyumbani namuuliza kama bado yuko. Mama anadhani nimeshikwa na wazimu.”

“Kwa nini hukumwacha achinjwe?”

“Kwa sababu sikukubali, mpenzi. Mpaka leo sijakubali.”

“Na mimi si kiziwi,” bibi Elizabeth alisema kwa Kiswahili safi cha Karen, akiyatazama machozi ya Kitonga. “Mpe huyo kijana kitambaa.”

Jioni simu ililia wakiwa wamesimama kando ya meli. Baba yake Kathini alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuita wazee. Aliuliza jibu.

“Usirudishe mbuzi, baba,” Kathini alisema, akampa Kitonga simu.

Kitonga alieleza yote bila kuvuta pumzi: zizi, kamba, lango, ujinga wake.

“Yuko hai?” mzee aliuliza.

“Yuko, baba. Nitakuja nimlete mwenyewe.”

“Mlete,” mzee alisema. “Na uje na kamba yenu. Yetu anaitafuna.”